Hodi Isiyoitikiwa: Kompyuta za Nyumba Moja Zisipoonana

Tuseme ni nyumba iliyoko Tabata, Dar es Salaam, saa tatu usiku. Binti wa nyumba hiyo ameolewa wiki iliyopita, na mpiga picha ameleta video ya harusi mchana huu. Kaka yake bibi harusi ameihifadhi kwenye laptopu yake chumbani. Video ina gigabaiti 6. Kompyuta ya mezani iko sebuleni, imeunganishwa na televisheni, na shangazi wawili waliofika kutoka Morogoro wamekwisha kaa mkekani kuisubiri.

Kijana anachomeka flashi yenye nafasi ya gigabaiti 16. Flashi inakataa: faili ni kubwa mno. Anafuta kila kilichomo, anajaribu tena, inakataa tena. Si nafasi iliyokosekana. Flashi nyingi za ukubwa huo huuzwa zikiwa zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo hauwezi kubeba faili moja linalofikia gigabaiti 4, hata flashi ikiwa tupu. WhatsApp nayo haipokei faili linalozidi gigabaiti 2, na hata ingepokea, bando la nyumba limekwisha tangu saa kumi jioni.

Basi anakumbuka waifai. Anaifungua folda ya video ili kompyuta nyingine zipate kuisoma, anakwenda sebuleni, anatazama orodha ya kompyuta zilizomo kwenye mtandao. Orodha ni tupu. Kati ya vyombo hivyo viwili upo ukuta mmoja na hatua kama nane, lakini hakuna kinachojua kama mwenzake yupo.

Mtu akiuliza mtandaoni afanye nini, hupewa haraka dawa tatu: zima ngome ya ulinzi, ile ambayo mafundi huiita faiawoli, mpe kila mtu ruhusa, rudisha itifaki ya zamani iliyoondolewa. Mara nyingine dawa hizo hufanya kazi. Hufanya kazi kama mtu aliyepoteza ufunguo wa chumba akaamua kubomoa ukuta: ameingia, lakini kuanzia usiku huo kila apitaye anaweza kuingia. Kati ya kompyuta mbili kuna milango kadhaa iliyofuatana, na aghalabu iliyofungwa haizidi miwili au mitatu. Kazi ni kuijua ni ipi.

Waifai si intaneti

Katika nyumba ile mlango wa kwanza ulifungwa hata kabla folda haijafunguliwa, na iliyoufunga ni imani iliyoenea sana. Bando lilipokwisha, laptopu ilionyesha alama ndogo ya kuonya kwamba hakuna intaneti. Kijana akaona waifai ya nyumbani haina kazi tena siku hiyo, akawasha hotspoti ya simu yake na kuiunganisha laptopu huko. Kompyuta ya sebuleni ikabaki kwenye ruta ya nyumbani. Tangu dakika hiyo zikawa kompyuta za mitaa miwili, ingawa zimelala chini ya paa moja.

Ruta ya nyumbani ina kazi mbili. Kwanza inaviunganisha vyombo vya ndani, kimoja kwa kingine. Pili inavitoa nje, kwenda intaneti. Bando likiisha, inayokufa ni kazi ya pili peke yake. Ya kwanza inaendelea maadamu umeme upo. Faili linalotoka chumbani kwenda sebuleni hupita hewani mpaka kwenye ruta, na ruta hulirusha upande wa pili. Halitoki nje ya nyumba. Kampuni ya simu hailioni wala hailihesabu, na bando halipungui hata megabaiti moja.

Kwa familia inayonunua intaneti kwa siku au kwa wiki hilo ni jambo la fedha, na inasikitisha kwamba halisemwi vya kutosha. Wanafunzi wanne waliopanga nyumba moja wanaweza kupakua mhadhara mara moja, kwa bando la mmoja wao, kisha wengine watatu wakauchukua kutoka kwenye kompyuta yake bure. Mwalimu anaweza kuandaa mtihani kwenye laptopu na kuuchapa kutoka kwenye kompyuta ya mezani yenye printa, siku ambayo intaneti haipo kabisa mtaani.

Ili vyombo vipatane, kila kimoja hupewa na ruta anwani yenye sehemu nne za namba, na nyumbani anwani hizo huanza mara nyingi na 192.168. Hazikuchaguliwa ovyo. Mwezi Februari 1996 wataalamu wa intaneti walitoa hati inayojulikana kwa namba yake, RFC 1918, iliyotenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani tu. Ndiyo maana kompyuta ya Tabata, ya Kisumu na ya Muscat zinaweza zote kuitwa 192.168.1.5 bila kugongana, kama vile kila mtaa unavyoweza kuwa na Mama Asha wake.

Kwenye Windows, anwani hiyo huonekana kwa kufungua dirisha jeusi la amri na kuandika neno ipconfig. Kinachotafutwa ni sehemu tatu za mwanzo. Zikilingana, kwa kawaida kompyuta ni za mtandao mmoja: 192.168.1.5 na 192.168.1.9 ni majirani. Zikitofautiana, hakuna haja ya kugusa kitu kingine chochote kwanza. Laptopu ya kijana wa Tabata ingeonyesha 192.168.43 na kitu, namba ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kitambulisho cha hotspoti za simu nyingi za Android, na hapo jibu lingekuwa limepatikana kwa sekunde kumi.

Anwani inayoanza na 169.254 ina habari yake. Maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Dawa ni kuitenga na waifai na kuiunganisha upya, na isipokubali, kuizima ruta na kuiwasha.

Kisa kinachowachanganya watu zaidi ni cha nyumba yenye ruta mbili. Ya kwanza imefungwa na kampuni ya intaneti sebuleni. Ya pili imenunuliwa dukani ili waifai ifike vyumba vya uani, ikachomekwa kwa waya kwenye ile ya kwanza. Ruta ya pili isipoambiwa vinginevyo hujenga mtandao wake yenyewe, na hapo hutokea jambo la ajabu: laptopu ya uani inaifikia kompyuta ya sebuleni, lakini ya sebuleni haiwezi kuifikia laptopu. Mwenye nyumba huapa kwamba kuna kirusi. Hakuna kirusi. Ruta ya pili inaruhusu waliomo ndani yake kutoka, na inawazuia wa nje kuingia, kama ilivyotengenezwa. Katika mipangilio yake huwa kuna chaguo la kuifanya ieneze tu mawimbi bila kugawa anwani, na likichaguliwa nyumba nzima inarudi kuwa mtandao mmoja.

Upo pia mtandao wa wageni, ule ambao ruta nyingi za siku hizi huutoa kwa jina la pembeni. Anayejiunga nao hupata intaneti lakini haoni chombo kingine chochote. Hosteli, hoteli na migahawa mingi hutumia utengano huohuo kwa wateja wao wote, na ni vema wafanye hivyo. Asiyeweza kumfungulia rafiki yake folda akiwa kwenye waifai ya hoteli amekutana na mlinzi anayefanya kazi yake.

Kupiga hodi

Laptopu ikisharudishwa kwenye waifai ya nyumbani, kompyuta moja inaweza kumpigia mwenzake hodi. Amri ni ping, ikifuatwa na anwani ya anayeitwa. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la nchi kavu la Marekani, naye aliipa jina la mlio wa sonari za manowari: sauti hutumwa majini, na mwangwi ukirudi, mbele kuna kitu. Pwani ya Afrika Mashariki mfano uko karibu zaidi. Mgeni husimama barazani, hupiga hodi, na husubiri karibu.

Hodi ya kwanza ipigwe kwa ruta yenyewe, ambayo anwani yake huishia mara nyingi na 1. Ruta isipoitika, tatizo ni la waifai, wala folda haihusiki. Ikiitika, hodi ya pili ipigwe kwa kompyuta inayotafutwa.

Hapa pana mtego. Kimya cha kompyuta hakimaanishi kwamba haipo. Windows ikiwa katika hali ya tahadhari huisikia hodi na kunyamaza, kama mtu aliye peke yake nyumbani usiku asiyemfungulia asiyemjua. Tahadhari hiyo ndiyo mlango wa pili katika kisa cha Tabata, na kama mtu angekuwa na nafasi ya kukagua sehemu moja tu kabla ya kukata tamaa, ingekuwa hii.

Windows huupa kila mtandao alama. Mtandao wa nyumbani au wa kazini unaoaminika huandikwa Private. Mtandao wa kituo cha basi, mgahawa au uwanja wa ndege huandikwa Public, wa umma. Chini ya alama ya umma kompyuta hujificha: haijitangazi, haioni wengine, na ngome yake hukataa wanaokuja kuomba mafaili. Windows 10 na 11 huuchukulia mtandao mpya kuwa wa umma mpaka mtumiaji aseme vingine, na wengi hawajawahi kusema, kwa sababu intaneti inafanya kazi vizuri kabisa chini ya alama zote mbili. Kasoro haijulikani mpaka siku ya kugawana faili.

Mtu aliyewahi kuipanga kompyuta yake vizuri hushangaa inapogoma baada ya miezi. Mara nyingi amebadilisha ruta, au ameipa waifai jina jipya. Machoni pa Windows huo ni mtandao mwingine, na mtandao mwingine huanza tena na alama ya umma. Alama hiyo hukaguliwa kwenye kompyuta zote mbili, katika mipangilio ya mtandao, na hubadilishwa kwa kubofya mara moja. Jirani na hapo kuna swichi nyingine mbili: ya kompyuta kuonekana na wenzake, na ya kugawana mafaili na printa. Zikishawashwa, ngome yenyewe hufungua tundu linalohitajika na kuyaacha mengine yote yamefungwa. Kuizima ngome nzima kwa ajili ya tundu moja ni kulipa bei kubwa kwa kitu kinachotolewa bure.

Baadhi ya programu za kupambana na virusi huja na ngome yao na huiweka ile ya Windows pembeni. Programu za VPN nazo huweza kuugeuza mwelekeo wote wa mawasiliano, zikaipeleka hodi ya nyumbani nchi ya mbali. Zote mbili zina mahali pa kuuandika mtandao wa nyumbani kuwa wa kuaminiwa.

Orodha tupu na nyumba yenye watu

Tuseme alama imebadilishwa na orodha bado ni tupu. Wengi huacha hapo, na hiyo ni hasara, kwa sababu orodha ya kompyuta zilizomo na njia ya kuzifikia ni vitu viwili. Kompyuta inaweza kukosekana kwenye orodha na bado ikawa tayari kupokea wageni. Atakayeandika anwani yake moja kwa moja kwenye dirisha la mafaili, ikitanguliwa na mikwaju miwili iliyolalia nyuma, kwa mfano \\192.168.1.7, huweza kushangaa kuona folda zote zimefunguka mbele yake.

Sababu ya orodha kuwa tupu ni ya kihistoria, na inafaa kuijua kwa kuwa ndiyo inayoeleza hatari ya ile dawa ya kurudisha itifaki ya zamani.

Lugha ambayo kompyuta hizi hutumia kupeana mafaili inaitwa SMB. Ilianzia IBM katika miaka ya 1980, mikononi mwa Barry Feigenbaum, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, akisoma katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, alichunguza jinsi kompyuta zinavyoongea zikipeana mafaili, akaandika programu ya kuiga lugha hiyo kwenye mashine za Unix. Jina la kwanza la programu hiyo liligongana na haki ya kampuni nyingine. Tridgell akaiagiza kompyuta imtafutie kwenye kamusi maneno yenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, na likapatikana Samba. Programu hiyo ndiyo inayoziwezesha kompyuta za Linux kugawana mafaili na za Windows hadi leo, na imo pia ndani ya ruta na visanduku vingi vya kuhifadhia mafaili nyumbani. Apple nayo, kuanzia toleo la Mavericks la 2013, iliifanya SMB kuwa lugha ya kwanza ya Mac zake. Ndiyo sababu Mac, Windows na Linux zinaweza kukaa nyumba moja na kuelewana.

Toleo la kwanza la lugha hiyo, SMB1, lilizeeka vibaya. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa mkubwa ndani yake. Aprili, zana ya kuutumia ufa huo, iliyoibwa kutoka Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, ilimwagwa hadharani. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iliyoitwa WannaCry ikaanza kusambaa. Haikuhitaji mtu yeyote abofye chochote. Ikiingia kwenye kompyuta moja, iligonga milango ya SMB ya kompyuta nyingine zote ilizoweza kuzifikia, na kila isiyokuwa na kiraka ilivamiwa, mafaili yake yakafungwa na fidia ikadaiwa. Katika siku chache ilikuwa imepiga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa.

Miezi mitano baadaye, Oktoba 2017, Windows 10 mpya zilianza kutolewa bila SMB1. Mwaka 2018 ikaondolewa pia huduma ya HomeGroup, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009 na ambayo nyumba nyingi ziliitegemea kugawana mafaili kwa nywila moja. Pamoja na SMB1 ikaondoka njia ya zamani ya kutengeneza orodha ya majirani. Watu waliosasisha kompyuta zao walikuta orodha tupu, wakadhani mtandao umekufa, wakatafuta jinsi ya kukirudisha kilichoondolewa. Maelekezo waliyoachiana wakati huo yangali yanazunguka.

Windows za sasa hujitangaza kwa njia nyingine, inayotegemea huduma zilizoandikwa Function Discovery katika orodha ya huduma za kompyuta. Huduma hizo zikiwa zimelala, kompyuta haijitangazi. Zikiamshwa, jina lake hurudi kwenye orodha baada ya dakika chache. Na asiyetaka kuhangaika nazo anaweza kutumia anwani peke yake. Ubaya wa anwani ni kwamba ruta huweza kuibadilisha, lakini ruta nyingi zina sehemu ya kuifungia kompyuta moja anwani moja ya kudumu.

Kinachobaki ni vyombo vikuukuu: kisanduku cha mafaili kilichonunuliwa zamani, ruta yenye tundu la USB ambayo haijapata sasisho kwa miaka, vinavyojua SMB1 tu. Kwa vyombo hivyo, kwanza litafutwe sasisho la mtengenezaji. Lisipopatikana, ni heri diski ya chombo hicho ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta, mafaili yakachukuliwa, kuliko kuufungua tena mlango uliopitisha WannaCry.

Jina lako nani?

Ujumbe wa kosa unaotokea kwenye skrini una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Wengi huufunga bila kuusoma. Ujumbe wenye namba 0x80070035 unasema njia ya kufika haikupatikana: mgeni hajafika mlangoni, na dawa zake ni zile za anwani, alama na ngome. Ujumbe unaosema ruhusa imekataliwa, au unaodai jina na nywila kila mara, ni wa namna nyingine kabisa. Mgeni amefika, ameonekana, ameulizwa yeye ni nani, na jibu lake halikutosha. Kuanzia hapo hakuna sababu ya kuigusa ruta wala waifai.

Huo ndio mlango wa tatu alioufikia kijana wa Tabata. Kompyuta ya sebuleni sasa inaiona laptopu, lakini inaulizwa jina na nywila. Anaandika jina lake, anaacha nafasi ya nywila wazi, kwa sababu laptopu yake haijawahi kuwa na nywila. Inakataa.

Hilo ni kusudi la Windows. Akaunti isiyo na nywila inakubaliwa kwa mtu aliyekaa mbele ya kibodi, haikubaliwi kwa anayekuja kwa njia ya mtandao. Kompyuta za nyumbani zilizowekwa bila nywila ili watoto wasisumbuke hugonga mwamba huo kila siku, na ujumbe unaotokea hauelezi kisa.

Wenye nywila nao wana mtego wao. Wengi huingia kwa PIN ya tarakimu chache, au kwa kidole. PIN ni ya chombo kile peke yake. Haitambuliki ikitumwa kutoka kompyuta nyingine. Kama akaunti ni ya Microsoft, kinachotakiwa ni anwani ya barua pepe na nywila yake kamili, ile ambayo mwenyewe huenda aliiandika mara moja miaka mitatu iliyopita na kuisahau.

Njia nyepesi, na pia iliyo salama zaidi, ni kutengeneza akaunti ya pembeni kwenye kompyuta yenye mafaili. Iitwe hata "familia", ipewe nywila ambayo nyumba nzima inaijua, kisha ipewe ruhusa ya kusoma folda ile moja. Hapo mama, watoto na wageni wanaingia kwa jina hilo, na barua pepe ya mtu haiguswi.

Ruhusa zenyewe zina tabaka mbili, na hapa hata wazoefu hukosea. Kuna ruhusa ya folda kama ilivyofunguliwa kwa mtandao, na kuna ruhusa ya folda hiyohiyo kama ilivyoandikwa kwenye diski. Anayekuja kwa mtandao hupimwa kwa zote mbili, na iliyo finyu ndiyo inayoshika. Mtu anaweza kuifungua folda kwa wote katika tabaka la kwanza na bado wageni wakakataliwa, kwa kuwa tabaka la pili halijawataja.

Ikiwa nywila ilibadilishwa karibuni, huenda kompyuta nyingine ingali inatoa ile ya zamani iliyoihifadhi kimya kimya. Ndani ya Windows kuna hazina ya nywila zilizokumbukwa. Ikifutwa iliyohusika, swali huulizwa upya. Na tangu toleo la Windows 11 la mwaka 2024, lijulikanalo kama 24H2, hata kompyuta za toleo la Pro hukataa kuingia kwenye hifadhi zisizodai nywila yoyote, jambo lililowaacha wenye visanduku vya zamani wakiuliza kilichoharibika. Kisanduku kikiwekewa akaunti na nywila, nyingi ya kesi hizo huisha.

Gigabaiti 6 hewani

Nywila imewekwa, folda imefunguka, video imeanza kuhama. Skrini inasema itachukua nusu saa, na shangazi mmoja ameanza kusinzia.

Hesabu yake si ngumu. Kasi za waifai huandikwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Laptopu ya kawaida kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4 inaweza kuonyesha kasi ya megabiti 72, ambayo ni megabaiti 9 kwa sekunde. Lakini hewa ni moja na ni ya kupokezana. Kompyuta zote mbili zikiwa kwenye waifai, kila kipande cha faili husafiri hewani mara mbili, kutoka laptopu hadi ruta na kutoka ruta hadi kompyuta ya mezani, kwa hiyo kasi hupungua kwa nusu. Ukitoa na gharama za mawasiliano yenyewe, zinabaki kama megabaiti 3, na gigabaiti 6 kwa mwendo huo ni zaidi ya nusu saa.

Kompyuta ya mezani haihami. Ikiunganishwa na ruta kwa kebo, safari moja ya hewani inafutika na kasi inakaribia kuwa maradufu, kwa gharama ya mita chache za waya. Zote mbili zikiwa kwenye kebo, hata ruta ya bei nafuu yenye matundu ya megabiti 100 itahamisha video ile kwa takriban dakika tisa, na yenye matundu ya gigabiti kwa dakika moja hivi, diski zikiweza mwendo huo.

Mawimbi ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini huchoka mapema ukutani. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, yanaweza kuwa na nguvu chumba kimoja na kufifia cha pili, na hapo 2.4 hufika mbali zaidi. Oveni za maikrowevu hufanya kazi karibu na gigahezi 2.4 hiyohiyo, kwa hiyo anayepasha chakula jikoni anaweza kuikwamisha video sebuleni.

Laptopu pia isiachwe ilale. Ikifunikwa, au ikikaa dakika kadhaa bila kuguswa, hulala usingizi na faili hukatikia njiani. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, mafaili makubwa ni bora yahamishwe kwa amri ya robocopy, iliyomo ndani ya Windows tangu Vista. Ikiambiwa hivyo, huendelea palipokatikia bila kuanza upya.

Saa nne kasoro, baada ya waya mmoja kuvutwa kutoka kwenye ruta hadi nyuma ya kompyuta ya sebuleni, video inafunguka na shangazi aliyesinzia anaamshwa na vigelegele vya kwenye televisheni. Kesho yake kijana anaibeba laptopu kwenda chuoni. Inajiunga na waifai ya maktaba, na kwa kuwa huo ni mtandao mgeni kwake, Windows inaupa alama ya umma. Folda ya harusi ingali wazi kwa akaunti ya "familia", lakini pale maktabani haionekani kwa mtu, na hodi zinazopigwa hazijibiwi. Ngome, ambayo usiku uliopita haikuzimwa, iko kazini.